Eneo Nafuu la Nyumba ya Kwanza Mbeya: Hesabu Tuliyoipiga Kabla ya Kununua

Anayetafuta nyumba ya kwanza Mbeya huulizwa na dalali swali moja kabla ya yote: una shilingi ngapi? Akijibu, hupelekwa moja kwa moja mahali ambapo fedha hiyo inatosha, na tangu hapo mazungumzo yote huwa juu ya kiwanja au nyumba fulani, ukubwa wake, umbali wake na barabara kwa maneno ya muuzaji, na haraka ya kulipa kwa sababu eti yuko mteja mwingine njiani. Hakuna anayemuuliza anafanya kazi wapi, watoto wake watasoma wapi, wala maji atayapata wapi. Mimi na mume wangu tuliamua kuugeuza mwendo huo. Tulichagua kwanza eneo, kwa karatasi na kalamu, ndipo tukaanza kutazama nyumba zilizomo ndani ya eneo hilo, na ninaandika haya kwa sababu ninaamini kwamba unafuu wa eneo hauonekani katika bei inayotajwa siku ya kununua, bali katika fedha ambayo familia itaendelea kuitoa kila mwezi baada ya kuhamia.

Mbeya ni mji uliojinyoosha. Kaskazini umezuiwa na safu ya milima yenye kilele cha Loleza juu ya mji, na makazi yamefuata barabara kuu ya Tanzania na Zambia kutoka Uyole upande wa mashariki, yakapita Ilomba, Mama John, Soweto, Mwanjelwa na Mafiati, yakaendelea Nzovwe na Iyunga, kisha Iwambi, hadi Mbalizi upande wa magharibi, ambako tayari umetoka katika Halmashauri ya Jiji na kuingia katika Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya. Katikati ya mji penyewe pako juu kidogo, nje ya barabara kuu. Maana yake ni kwamba mtu anayeishi Uyole na kufanya kazi Mbalizi anaukata mji wote mara mbili kwa siku, na mtu anayeishi mtaa mzuri wa ndani, mbali na barabara kuu, anahitaji chombo kimoja kumfikisha barabarani na kingine kumfikisha kazini. Mume wangu anafanya kazi katika karakana moja Iyunga. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na shule yangu iko upande wa Ilomba, ambako pia tulikuwa tumepanga nyumba. Hizo mbili ndizo alama za kwanza tulizoziweka kwenye karatasi.

Tulianza na nauli, kwa kuwa ndiyo gharama ambayo watu huisahau zaidi. Desemba 2023 LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ilipandisha nauli za daladala za mijini: safari isiyozidi kilomita 10 ilitoka shilingi 500 hadi 600, na ya kilomita 11 hadi 15 ilitoka shilingi 550 hadi 700. Chukua mtu mzima mmoja anayelipa shilingi 700 asubuhi na 700 jioni kwa siku 26 za mwezi. Ni shilingi 36,400. Wakiwa wawili ni shilingi 72,800 kwa mwezi, shilingi 873,600 kwa mwaka, na katika miaka 10, hata nauli isipopanda tena, ni shilingi 8,736,000. Sasa ongeza bajaji au bodaboda ya kutoka nyumbani hadi barabara kuu, tuseme shilingi 1,000 kwa kila mtu kwa kila safari. Kwa watu wawili ni shilingi 104,000 kwa mwezi, yaani shilingi 12,480,000 katika miaka 10. Jumla inavuka milioni 21, na hapo hatujamhesabu mtoto wala safari ya sokoni Jumamosi. Kwa hiyo nyumba iliyo ndani sana, hata ikiuzwa kwa pungufu ya milioni 10 kuliko ile unayoweza kutembea kwa miguu hadi kituoni, ndiyo ghali kati ya hizo mbili. Mume wangu aliirudia hesabu hii kwenye kikokotoo cha simu akiamini nimeongeza sifuri. Sikuwa nimeongeza.

Hesabu hiyo ilituondolea maeneo mengi ambayo madalali huyapigia debe kwa sababu ya bei. Sisemi kwamba ni mabaya. Mwenye duka lake hapohapo mtaani, au mkulima wa mboga anayeuza Uyole, hana sababu ya kuiogopa nauli hiyo, na kwake eneo la ndani lenye ardhi kubwa ni chaguo la busara kabisa. Kila familia ina ramani yake ya safari, na ndiyo sababu ushauri wa jirani kwamba "watu wote sasa wananunua huku" haukutusaidia hata kidogo.

Jambo la pili ni barabara kuu yenyewe, ambayo ni neema na tishio kwa wakati mmoja. Upanuzi wake kuwa njia nne, katika kipande cha kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi karibu na uwanja wa ndege wa Songwe, umepandisha matumaini na bei za viwanja kwa pamoja. Anayenunua karibu na barabara aipime hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya barabara, kwa futi kamba mwenyewe, asitegemee mkono wa dalali unaoonyesha "hifadhi inaishia pale kwenye mti". Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ilipanuliwa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na ndiyo maana katika nchi hii kuna nyumba zenye alama ya X nyekundu, zisizolipwa, na nyingine zenye X ya kijani, zinazolipwa, na wenye nyumba wanajua vizuri tofauti ya rangi hizo inapofika kwenye fidia. Upande wa Iyunga iko pia reli ya TAZARA, nayo ina hifadhi yake. Tena, kuna miteremko. Mteremko wa Iwambi na ule wa Mlima Nyoka inafahamika kwa ajali za malori yanayoshindwa breki, na mzazi anayetaka nyumba nafuu karibu na barabara ni lazima aulize mtoto atavuka wapi kwenda shuleni. Sisi tuliweka sharti moja lisilojadiliwa: shule ya msingi iwe upande uleule wa barabara kuu ilipo nyumba. Sharti hilo peke yake lilifuta nyumba ambazo kwa mambo mengine yote zilikuwa zinatufaa.

Kuhusu ardhi yenyewe, nitasema kwa kirefu, kwa kuwa mji wetu una milima na mabonde na mvua zake zinaanza Novemba na kufika Mei. Aprili 14, 2024 sehemu ya mlima Kawetele iliporomoka katika kata ya Itezi, na udongo ukafukia nyumba na shule. Wakazi wa Mbeya wanaikumbuka siku ile, lakini nashangaa jinsi ambavyo viwanja vya miteremkoni bado vinauzwa kwa sifa ya mandhari nzuri. Mteremko uliokatwa ili kupata uwanja tambarare wa kujengea unaacha nyuma ya nyumba ukuta wa udongo mtupu, na ukuta huo unahitaji kujengewa kingo ya mawe, na kingo hiyo inahitaji matundu ya kutolea maji. Yote hayo ni fedha. Mara nyingi kiwanja cha mlimani ni cha bei ya chini kwa sababu nusu ya gharama yake imefichwa ndani ya msingi: fundi atapandisha msingi upande mmoja hadi usawa wa kifua kabla hajaanza kuta, na saruji, mawe na nondo zinazoingia humo zingetosha kujenga vyumba viwili mahali tambarare. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, tazama nyufa za pembeni ya madirisha, na hasa zile zinazopanda kwa ngazi kufuata mistari ya matofali, kwa maana hizo mara nyingi zinatoka kwenye msingi unaotitia na haziponi kwa lipu.

Mabondeni nako kuna yake. Katika mtaa mmoja ulio kusini mwa barabara kuu tulipelekwa kuona nyumba ya vyumba vitatu iliyopakwa rangi karibuni. Ilikuwa kiangazi, uwanja mkavu, upepo mzuri, bei ya kuvutia. Dalali alipokwenda pembeni kupokea simu tulimsalimia bibi wa nyumba ya jirani aliyekuwa akichambua maharage barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kwa nyumba ile?"

Tulipoitikia, hakusema mengi. Aliinuka, akatupeleka ubavuni mwa nyumba yake ambayo haikupigwa lipu, akaweka kiganja kwenye matofali ya kuchoma. Chini ya kiganja chake matofali yalikuwa ya kijivu, yameganda tope jembamba katika kila kiungo. Juu yake yalikuwa mekundu. Mstari ulikuwa umenyooka kama uliopigwa kwa rula, karibu na goti langu, nao ulizunguka nyumba yote. "Huu ni wa Machi," akasema. "Maji yakija usiku tunapandisha magunia ya mahindi juu ya kitanda, watoto tunawapeleka kwa shangazi yao kule juu." Tulirudi tukaitazama upya nyumba iliyokuwa ikiuzwa, tukaona kwamba lipu ilikuwa mpya kuanzia chini hadi chini kidogo ya madirisha tu, na rangi ya sehemu hiyo ilikolea kuliko ya juu. Tangu siku ile hatukutazama nyumba yoyote bila kuzungumza na majirani wa pande zote, dalali akiwa hayupo, na tulijitahidi kila eneo tulilolipenda tulirudie mvua inaponyesha. Njia ya gari ndogo inayopitika Septemba inaweza kuwa mto wa tope mwezi Februari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, kwa hiyo nyumba iliyo jirani na kijito si hatari ya mafuriko pekee, ni hatari pia ya kuamriwa kuondoka.

Maji ya bomba ni swali la mtaa kwa mtaa, siyo la kata. Ndani ya kata moja unaweza kukuta mtaa wa chini unapata maji karibu kila siku na mtaa wa juu yake unayapata kwa mgawo usiku wa manane. Tulipokuwa tukitafuta, mradi wa kuleta maji kutoka mto Kiwira ulikuwa ukisubiriwa na wengi kwa hamu, nami pia nikiusubiri, lakini nyumba hununuliwa kwa maji yaliyopo leo. Uliza jirani dumu moja linauzwa kiasi gani mgawo ukikatika, uzidishe kwa madumu ambayo familia yako hutumia kwa siku, na uongeze bei ya tanki na mnara wake. Umeme una habari fupi zaidi. Tangu Januari 2022 kuunganishiwa katika maeneo yaliyohesabiwa kuwa ya mjini kulianza kulipiwa shilingi 320,960 kwa mteja asiyehitaji nguzo, wakati maeneo ya vijijini yalibaki kwenye shilingi 27,000, na kila nguzo inayohitajika inaongeza gharama. Basi uliza nguzo ya mwisho iko wapi, kisha itembee mwenyewe kwa hatua. Kodi ya jengo hukatwa ndani ya LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, na si ya kumtisha mtu.

Sasa nifike kwenye karatasi, ambako ndiko unafuu wa uongo umewaumiza watu wengi kuliko mafuriko. Ndani na pembezoni mwa Jiji la Mbeya kuna ardhi iliyopimwa yenye hati, kuna iliyopimwa ambayo mwenyewe ana barua ya toleo tu, yaani barua ya kugawiwa kiwanja, na hajamalizia hati, kuna iliyopitiwa na zoezi la urasimishaji, yaani kupima na kutambua makazi yaliyojengwa kabla ya upimaji, na kuna mashamba ya familia yanayokatwa vipande na kuuzwa kwa mkataba ulioandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Ukivuka kuingia vijiji vya wilaya, ardhi inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na mgeni anayetaka kununua anahitaji ridhaa ya halmashauri ya kijiji, siyo saini ya mwenyekiti peke yake. Bei hushuka kadiri unavyoshuka katika mpangilio huo, na hushuka kwa sababu: unayenunua unajibebesha kazi ambayo muuzaji hakuifanya.

Ardhi ya ukoo inahitaji subira ya pekee. Familia nyingi za wenyeji katika kata za pembezoni zilikuwa na mashamba makubwa, mzee amefariki, watoto wamegawana kwa mdomo, na mmoja wao anauza. Huyo anayeuza anaweza kuwa mkweli kabisa na bado asiwe na mamlaka ya kuuza. Kama mwenye ardhi amefariki, anayeweza kuihamisha ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na ni haki yako kuomba kuiona barua ya uteuzi. Omba pia kukutana na ndugu wote, wakiwemo dada walioolewa mbali, ambao mara nyingi husahauliwa katika vikao hivyo na hujitokeza baadaye katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya wakiwa na haki yao mkononi. Na kama muuzaji ana mke au mume, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwangu mimi hili si suala la tahadhari ya mnunuzi tu. Kuna mama katika nyumba ile, na watoto, na sitaki familia yangu ianze maisha mahali ambapo mwanamke mwingine ametolewa bila kuulizwa.

Kwa ardhi yenye hati, upekuzi hufanyika kwa Msajili wa Hati, kwa ada ndogo, na majibu yake yanakuambia mmiliki ni nani, muda wa hati umebaki kiasi gani, na kama kuna rehani au zuio. Usikubali nakala iliyopigwa picha kwa simu kuwa ushahidi. Nenda na mpimaji mwenye leseni, tafuta bikoni zote, yaani alama za mipaka ya kiwanja, linganisha namba zake na ramani ya upimaji. Uliza kwenye ofisi ya mipango miji eneo limepangwa kwa matumizi gani, kwa sababu vipo viwanja vinavyouzwa kama makazi ambavyo kwenye mchoro ni eneo la wazi, njia, au shule. Mkataba uandikwe na wakili, malipo yapite benki. Kumbuka gharama za uhamisho: ushuru wa stempu wa asilimia 1, ada za ofisi ya ardhi, ripoti ya mthamini, na kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida isipokuwa pale sheria inapotoa msamaha au kiwango kingine. Kodi hiyo ya mwisho ni ya muuzaji, lakini wauzaji wengi hutaka mnunuzi aibebe, kwa hiyo iandikwe waziwazi ndani ya mkataba nani analipa nini.

Hati ina faida nyingine inayogusa mfuko moja kwa moja. Benki zinazotoa mkopo wa nyumba wa muda mrefu, ambao unaweza kufika miaka 20 au zaidi, zinataka dhamana inayosajiliwa, na mkataba wa serikali ya mtaa hauwezi kuwa dhamana hiyo. Tangu kuanzishwa kwa kampuni ya TMRC mwaka 2010, inayozikopesha benki fedha za mikopo ya nyumba, mikopo ya aina hii imeongezeka nchini, ingawa riba bado ni nzito kwa mshahara wa mwalimu. Wengi wetu huishia kwenye SACCOS au mkopo wa mshahara wa miaka michache, na ndivyo tulivyofanya sisi kwa sehemu, tukichanganya na akiba. Hata hivyo tulitaka ardhi yenye hati, ili siku moja tukihitaji fedha ya ada ya chuo au matibabu tusilazimike kuuza.

Kuhusu kununua nyumba iliyokamilika, kununua boma lisiloezekwa, au kuanza na kiwanja kitupu, maoni yangu ni haya. Boma linavutia kwa bei, na Nyanda za Juu Kusini tuna bahati ya vifaa: saruji inatengenezwa hapahapa Songwe, matofali ya kuchoma yanapatikana kwa wingi, na mbao za kenchi zinatoka misitu ya Sao Hill kule Mufindi na mashamba ya miti ya Njombe. Lakini boma lililonyeshewa misimu mingi bila bati ni la kuchunguzwa na fundi wako mwenyewe, siyo fundi aliyelijenga. Agonge matofali ya juu, akwangue udongo wa viungo, aangalie lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, kama ina nondo kweli. Kiwanja kitupu kina uhuru wake, ila familia inayoanza kujenga huku ikilipa kodi ya pango inalipa nyumba mbili kwa wakati mmoja, na ujenzi wa kidogo kidogo unaweza kuchukua miaka ambayo watoto hawatakuwa nayo tena. Sisi tulipendelea nyumba ndogo iliyoisha nusu, yenye paa, milango, choo na maji, ambayo mtu anaweza kuhamia na kuimalizia akiwa ndani.

Dada yangu aliye Iringa alikuwa katika utafutaji huohuo, na kule mji umekaa juu ya kilima wakati barabara kuu inapita chini Ipogolo, kando ya mto Ruaha Mdogo. Mumewe alitaka Ipogolo kwa ajili ya biashara yake, yeye alitaka Mkimbizi kwa ajili ya shule. Walipiga hesabu ya nauli ya kupanda na kushuka kilima kila siku kwa watu wanne, na shemeji yangu mwenyewe ndiye aliyebadili mawazo.

Baada ya yote hayo, karatasi yetu ilibaki na maeneo matatu: upande wa Uyole na Igawilo, ukanda wa Nzovwe hadi Iyunga, na Iwambi. Uyole pana soko zuri, shule, na magari ya kwenda kila upande kwa kuwa ndiyo njia panda ya Tukuyu na Kyela, lakini baridi ya Juni na Julai katika mwinuko wa karibu mita 1,800 inamsumbua mama mkwe wangu mwenye pumu, ambaye anaishi nasi, na safari ya mume wangu ingekuwa ya kuukata karibu mji wote. Nzovwe palitupendeza sana, ila nyumba zilizokuwa ndani ya uwezo wetu zilikuwa hazijapimwa. Iwambi ni mbali na shule yangu, na hilo nililitafakari kwa uzito kabla ya kukubali, lakini mume wangu anaenda kazini kwa safari fupi, hali ya hewa ina ahueni kwa mama, shule ya msingi iko upande wetu wa barabara, na tulipata nyumba ya vyumba viwili na sebule kwenye kiwanja kilichopimwa, umbali wa kutembea kwa miguu hadi kituoni. Ilikuwa bei ya juu kuliko zote tulizozipigia hesabu kwa uzito. Kwa hesabu ya miaka 10 ndiyo ilikuwa ya chini. Maombi ya uhamisho wa miliki tumeyapeleka kwa majina yetu wawili kama wamiliki wa pamoja, na hilo tulikubaliana kabla hatujatazama nyumba hata moja.

Kwa mwenye kazi katikati ya mji hesabu ingeleta jibu jingine. Kwa bajeti kama yetu, mtu huyo ningemshauri aanzie kwenye nyumba za zamani na ndogo za Isanga, Sinde na Iyela, ambako viwanja ni vidogo na makazi yamebanana, lakini mtu anaweza kufika mjini na Mwanjelwa kwa miguu, na maji na umeme vimekuwapo kwa miaka mingi. Aangalie njia ya gari kufika mlangoni, mahali pa shimo la choo, na kama mtaa umeshapitiwa na urasimishaji au bado. Kisha azungumze na majirani kuhusu mirathi ya nyumba ile, maana nyumba za zamani zina warithi wengi. Kwa anayefanya kazi uwanja wa ndege wa Songwe au kiwanda cha saruji, Mbalizi haina mpinzani, mradi tu ajue anashughulika na ofisi ya ardhi ya wilaya na siyo ya jiji, na aulize mapema kama kipande anachoonyeshwa ni cha mamlaka ya mji mdogo au bado ni ardhi ya kijiji.

Walio na nyumba za kuuza katika mitaa hii nao nawaomba kitu kimoja: anzeni kupima na kurasimisha kabla ya kutangaza, na waitini ndugu zenu wote mapema, kwa sababu wako wanunuzi wengi kama sisi walio tayari kulipa zaidi kwa ajili ya karatasi safi, na tuliondoka kwenye nyumba nzuri kadhaa kwa kukosa hizo tu.